Uzi wa Paisley na nguvu ya kitu cha bei ndogo

Katika gharama za kushona shati, uzi huchukua fungu dogo kabisa. Kitambaa kina bei yake, vifungo vina yake, fundi naye ana ujira wake. Uzi hutajwa mwisho, kama unatajwa. Lakini ukikatika kwapani, shati halivaliki. Ndiyo maana mnunuzi wa uzi hababaishwi sana na senti chache. Anataka uzi usiomtia aibu mbele ya mteja, na akiupata hauachi. Juu ya tabia hiyo ya mafundi na washonaji wa nyumbani, kampuni ya J. & P. Coats ya Paisley, mji wa wafumaji ulio karibu na Glasgow huko Uskoti, ilijenga utajiri wenye kustaajabisha.

Chanzo chake ni vita. Mwaka 1806 Napoleon alitoa amri ya Berlin, iliyokusudia kuikatia Uingereza biashara na bara la Ulaya. Paisley wakati huo ilisifika kwa shali zake za nakshi, na mitambo ya kuzifumia ilihitaji nyuzi za hariri za kuongozea mtande. Hariri ikaadimika. Patrick Clark, ambaye ukoo wake uliwauzia wafumaji vifaa, akatafuta namna ya kusokota pamba hadi ikawa laini na imara kiasi cha kushika nafasi ya hariri. Haukupita muda familia ikaona kwamba uzi ule unafaa kushonea nguo, na mwaka 1812 ikafungua kiwanda Seedhill. James Clark aliwauzia wateja uzi uliozungushwa kwenye kigogo kidogo cha mbao. Alitoza nusu peni kwa kigogo, na aliyekirudisha alirudishiwa nusu peni yake.

Majirani nao hawakulala. Mwaka 1826 James Coats, mfumaji wa shali, alijenga kiwanda cha uzi Ferguslie, upande wa pili wa mji. Alipostaafu mwaka 1830, wanawe James na Peter waliipokea biashara, na herufi za mwanzo za majina yao zikabaki kwenye nembo.

Kilichoukuza uzi wa Paisley hadi kuenea duniani ni cherehani. Mkono wa mshonaji huusamehe uzi wenye mafundo, cherehani haiusamehe. Kila kipande cha uzi hupita tundu la sindano mara nyingi, huku na huku, kabla ya kukaa ndani ya mshono, na msuguano huo huuchakaza. Uzi wa pamba wa nyuzi tatu, uliowatosha washonaji wa mkono, ulikuwa mgumu na ulikatika. Jibu likawa uzi wa nyuzi sita: nyuzi nyembamba husokotwa mbilimbili, kisha jozi tatu husokotwa pamoja kwa kuzielekeza upande wa pili, ili msokoto mmoja uuzuie mwingine kufumuka. Matokeo yake ni uzi wa mviringo, laini na wenye nguvu. Akina Clark waliuuza Marekani kwa herufi O.N.T., yaani "uzi wetu mpya", na zikawa miongoni mwa alama za biashara zilizojulikana sana nchini humo.

Marekani ndiyo iliyowafunza pia kujenga nje. Ushuru wa forodha ulipopanda, kupeleka uzi uliokamilika kutoka Uskoti kukawa hasara. Coats wakaingia Pawtucket, Rhode Island, mwaka 1869, na Clark wakawa na viwanda Newark, New Jersey. Mtindo huohuo uliwafikisha Urusi, ambako mapinduzi ya 1917 yaliwanyang'anya mali, na Barcelona, ambako Fabra y Coats ilizaliwa mwaka 1903.

Ndani ya Uingereza waliacha kushindana. Coats iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1890, na mwaka 1896 ikaungana na Clark pamoja na wapinzani wengine wawili wakubwa, Brook na Chadwick. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa miongoni mwa kampuni za viwanda zenye thamani kubwa kabisa duniani, kwa bidhaa ambayo mnunuzi aliipata kwa peni chache.

Ukubwa huo ulikuwa na uso mkali, na ulionekana waziwazi kaskazini-mashariki mwa Brazili. Delmiro Gouveia, mfanyabiashara aliyejiinua kutoka umaskini, alitumia maporomoko ya Paulo Afonso kuzalisha umeme mwaka 1913, na mwaka uliofuata akaanza kutengeneza uzi wake, Estrela, katikati ya nyika kame ya Alagoas. Uzi huo ulipambana na ule wa Coats sokoni. Gouveia aliuawa kwa risasi mwaka 1917. Zaidi ya miaka kumi baadaye warithi wake waliiuzia kiwanda kampuni ya Machine Cotton, tawi la Coats, na mitambo ikavunjwa na kutupwa katika mto São Francisco. Kampuni iliyoweza kushinda kwa ubora wa uzi wake haikuwa na haja ya kufanya hivyo, na watu wa eneo hilo hawajasahau. Leo mji wenyewe unaitwa Delmiro Gouveia.

Paisley kwenyewe, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana, walisimama mbele ya mashine zenye kelele kutwa nzima. Watoto walifanya kazi nusu siku na kusoma nusu iliyobaki. Wamiliki, kwa upande wao, waliujengea mji bustani, maktaba, makumbusho na kituo cha kutazamia nyota. Majengo hayo ni mazuri, na fedha zilizoyajenga zilitoka mikononi mwa wasichana wale.

Baada ya Vita vya Pili, nyuzi za poliesta na ujira nafuu wa nchi za mbali vilibadili hesabu. Kampuni iliungana na Patons & Baldwins, watengenezaji wa uzi wa sufu, ikawa Coats Patons; mwaka 1986 ikaungana na Vantona Viyella. Ikawa na zipu, sindano na nguo pia. Kiwanda cha mwisho Paisley kilifungwa mwaka 1993. Desturi ya kupatana na wapinzani ilikuja kuigharimu: mwaka 2007 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya zaidi ya yuro milioni 120 kwa kushiriki mapatano haramu katika soko la zipu na vifungio vingine, pamoja na kampuni nyingine kama YKK ya Japani na Prym ya Ujerumani.

Coats Group bado ipo katika soko la hisa la London, lakini uzi wake mwingi husokotwa Asia. Nyuzi zake za kisasa nyingi zina kiini cha poliesta ndefu kilichovikwa nyuzi fupi, hivyo nguvu hutoka ndani na ulaini hutoka nje. Mwaka 2022 kampuni ilinunua Texon na Rhenoflex, watengenezaji wa vifaa vinavyokipa kiatu umbo kisiginoni na nchani, na sasa wanunuzi wake wakubwa ni pamoja na viwanda vya raba.