Mwana wa Nani? Nasaba, Medali na Ndege katika Familia za Askari wa Isiolo

Isiolo ni mji wa askari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapa Wasomali waliolitumikia jeshi la Uingereza, wengi wao wa ukoo wa Isaaq, na wajukuu wao wangali hapa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilipigana Uhabeshi, kisha Burma. Leo mafunzo ya askari wa miguu hufanyika papa hapa, na vijana wa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru huvaa sare kama Wasomali.

Askari akija likizo, chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki hupita mkono kwa mkono, na mzee huhesabu nasaba: fulani bin fulani bin fulani. Akifika kwa aliyepigana, husita na kutaja alikopigana. Ndipo kasha la bati hufunguliwa. Ndani ya kitambaa mna nyota ya Burma, ya shaba, ncha sita, na utepe wa buluu iliyokoza wenye mstari mwekundu katikati na mistari ya rangi ya machungwa kila upande. Mtoto huishika kwa mikono miwili.

Desturi hiyo husafiri pamoja na familia. Mei 2022 maonyesho ya ndege yalipofanyika Uhuru Gardens, Nairobi, pale bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, safari kutoka kwetu ilikuwa ya takriban kilomita 270. Safari kama hiyo huanza baada ya sala ya alfajiri. Mzee huketi mbele, karibu na dereva. Kina mama hubeba nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli. Haiozi haraka, nayo ndiyo chakula cha msafiri tangu enzi za misafara. Njia hupitia Timau na Nanyuki, penye kambi ya wanahewa ya Laikipia, na hapo majina ya waliowahi kuhudumu huanza kutajwa garini.

Mbele ya ndege, vijana huuliza kasi na mwaka: ndege za kivita za F-5 Kenya inazo tangu 1978, na Jeshi la Wanahewa lilizaliwa 1964. Wazee huuliza rubani ni mwana wa nani, na nani hulala macho kuilinda ndege usiku. Swali lao ndilo zito zaidi. Chuma hakina ukoo, lakini aliyekipanda anao, na kuna mama anayemwombea dua.

Kumbukumbu za vita zinahitaji swali hilo la wazee. Isiolo ina uwanja wa ndege wa kimataifa. Kaunti itenge humo chumba cha medali hizi, na kando ya kila moja iandikwe nasaba ya mwenyewe kama familia inavyoihesabu. Waliosimuliwa vita vya Burma na baba zao sasa ni wazee. Tuwaandike wakiwa hai.