Karatasi za Pwani Zilizoko Marekani: Namna ya Kuomba Ufadhili wa Utafiti Makumbushoni

Kitambaa cha merikani kimeuzwa katika maduka ya Pwani kwa karibu miaka 200, na jina lake linasema kilikotoka. Kililetwa na meli za matanga kutoka Marekani, hasa kutoka Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts. Meli hizo zilirudi zikiwa na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi hiyo ilisafishwa Salem kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani mjini Muscat, na mwaka 1837 Richard P. Waters, mwenyeji wa Salem, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake.

Wafanyabiashara hao waliandika sana. Waliandika barua kwa matajiri wao, hesabu za kila jora la nguo, na kumbukumbu za kila siku za safari. Karatasi hizo walirudi nazo kwao. Nyingi leo zimo katika Maktaba ya Phillips, ambayo ni sehemu ya Peabody Essex Museum. Makumbusho hayo yana asili yake katika chama cha manahodha kilichoanzishwa Salem mwaka 1799, na mwanachama alitakiwa awe amezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Hata hivyo, tangu 2018 chumba cha kusomea cha maktaba hiyo kiko Rowley, kaskazini mwa Salem. Anayepanga safari asitafute chumba Salem kabla ya kulijua hilo.

Wakazi wanaelezwa habari hizi kwa sababu makumbusho na maktaba za historia za namna hii hutenga pesa za kuwawezesha watafiti kwenda kusoma nyaraka zao, na mkazi wa kaunti hii ana haki ya kuomba kama mtu mwingine yeyote. Wanaoomba kutoka huku ni wachache kuliko inavyostahili. Matokeo yake ni kwamba historia ya biashara yetu huandikwa zaidi na watu wanaoisoma kwa mbali.

Ufadhili wa utafiti si ufadhili wa masomo. Hupati shahada, na hupati ajira. Unapewa posho ya kukaa wiki kadhaa ukisoma nyaraka ulizozitaja katika ombi lako, basi. Kwa mfano, uko muungano wa maktaba na makumbusho ya eneo la New England, unaosimamiwa na Massachusetts Historical Society ya Boston. Katika miaka ya karibuni muungano huo umekuwa ukitoa dola 5,000 kwa utafiti wa angalau wiki nane, zigawanywe katika taasisi tatu au zaidi, na maombi yamekuwa yakifungwa Februari 1. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika, na uangalie kama maktaba unayoihitaji imo katika orodha ya wanachama mwaka huo.

Wengi hudhani kwamba bila shahada ya uzamifu hakuna haja ya kujaribu. Ufadhili mwingi wa muda mfupi haudai shahada hiyo. Hutolewa kwa wanafunzi wa uzamifu, wahadhiri, na pia kwa watafiti wa kujitegemea, wakiwemo walimu na waandishi, ilimradi waonyeshe kazi waliyokwisha kuifanya na haja ya kweli ya kuziona nyaraka zenyewe.

Hapo kwenye haja ndipo maombi mengi huanguka. Mwombaji anaandika kwamba angependa kuchunguza historia ya biashara ya Pwani ya Afrika Mashariki, na anajaza kurasa mbili akieleza umuhimu wa historia. Kamati haina shaka na umuhimu wa historia. Inachouliza ni kwa nini ije pesa yao, kwa nini kwao, na kwa karatasi zipi. Ombi lenye nguvu linataja swali dogo. Kwa mfano: nguo iliyotoka Salem ilifikaje Lamu na Mombasa baada ya kushushwa Unguja, na ni wafanyabiashara gani wa hapa waliichukua kwa mkopo? Kisha linataja kwamba karatasi za Waters zinaonyesha shughuli zake na Jairam Shivji, aliyesimamia ushuru wa forodha Unguja, na kwamba mwombaji atasoma makasha fulani katika wiki ya kwanza na mengine katika wiki ya pili.

Namba za makasha hupatikana bila kusafiri. Maktaba hizi huweka kwenye intaneti miongozo ya mikusanyo yao, inayoeleza kilichomo katika kila kasha na kila faili. Kaa nayo siku nzima, hata mbili. Kisha mwandikie mkutubi wa nyaraka barua pepe fupi, umweleze unachotafuta na umwulize kama kuna mkusanyo mwingine unaohusu jambo hilo. Kujibu maswali kama hayo ni sehemu ya kazi yake. Uliza pia ni nyaraka zipi zimekwisha kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Ikiwa unahitaji barua tatu tu, agiza nakala; safari haina maana.

Mkazi wa Pwani ana jambo ambalo waombaji wengine hawanalo, na alitaje waziwazi. Makarani wa Salem waliandika majina kama walivyoyasikia: Lamu ikawa “Lamo”, Mombasa ikawa “Mombas”, na majina ya watu yaliharibika zaidi ya hapo. Bidhaa zilipimwa kwa frasila. Anayejua koo za mji wake, anayesoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, au aliyekaa na wazee akaandika habari za biashara ya majahazi, atamtambua mtu katika karatasi hizo pale ambapo mwingine ataona herufi tu. Huo ni ujuzi wa kitaalamu. Uandikwe kwenye wasifukazi pamoja na vyeti.

Anza na vilivyo karibu. Kamati ikiona umesoma katika maktaba ya Fort Jesus na katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, itaamini kwamba unajua kinachokosekana hapa. Kwa utafiti unaofanywa nchini, kumbuka kupata leseni ya NACOSTI kabla ya kuanza kuhoji watu.

Barua za mapendekezo huwa mbili au tatu. Mwombe mtu anayeijua kazi yako, mpe pendekezo lako alisome, na umpe wiki nne. Barua ya mheshimiwa asiyejua umeandika nini haisaidii kitu, hata iwe na muhuri mkubwa kiasi gani.

Kuhusu gharama, piga hesabu mapema. Mara nyingi posho ndiyo hiyo hiyo ya nauli, chumba na chakula, na baadhi ya taasisi huitoa ukishafika. Mgeni anaweza kukatwa kodi ya Marekani. Uliza kabla ya kuomba kama taasisi inaweza kukuandalia hati za viza ya J-1, kwani si zote zinazofanya hivyo. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na miadi ya viza ubalozini Nairobi inaweza kuchukua muda mrefu, hivyo usingoje barua ya kukubaliwa ndipo uanze kutafuta pasipoti.

Maombi ya namna hii kwa kawaida hayalipiwi. Ukitumiwa ujumbe unaokutaka utume ada ya usajili kwa M-Pesa ili jina lako liingizwe, usitume. Fungua tovuti ya makumbusho yenyewe, uchukue anwani ya barua pepe iliyo pale, na uulize moja kwa moja.

Majibu huja baada ya miezi kadhaa. Ukikataliwa, andika kwa adabu uulize kama kamati inatoa maoni. Nyingine hutoa, nyingine hazitoi. Ombi hilo hilo, likiwa limerekebishwa, linaweza kupelekwa tena mwaka unaofuata, na pia kwa taasisi nyingine yenye nyaraka za biashara hiyo hiyo.