Guangzhou: Chagua chumba kwa kufuata mzigo

WAFANYABIASHARA wengi wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo hutafuta kwanza chumba cha bei nafuu. Mji ule ni mkubwa. Chumba kilicho mbali na soko hula nauli na muda.

Anayefuata mikoba na afikie Sanyuanli, karibu na masoko ya bidhaa za ngozi. Mgeni asiyejua Kichina atapata wenyeji haraka Xiaobei, mtaa uliozoeleka kwa Waafrika. Maonyesho ya Canton huanza Aprili na Oktoba, na vyumba hupanda bei. Kama huyahitaji, subiri yapite.

Siku ya kwanza usinunue. Zunguka, uliza bei, andika. Gharama ya chumba igawe kwenye mzigo. Vinginevyo utauza kwa hasara ukidhani unapata faida.