Kupanga picha za kanisa bila kupoteza kumbukumbu



Parokia zetu nyingi sasa zina picha kuliko zinavyoweza kuhesabu. Siku ya ubatizo simu kumi zinapiga picha. Picha zile zile zinatumwa katika grupu ya kwaya, ya wamama na ya vijana, kisha katibu anazikusanya zote kwenye kompyuta. Picha moja inakaa mara tano. Disiki ikijaa, mtu anaambiwa afute haraka haraka ili ipatikane nafasi. Hapo ndipo hatari ilipo: picha pekee ya mzee aliyefariki, au ya jengo la kwanza la kanisa lililokwisha bomoka, inaweza kutupwa pamoja na marudio.

Ziko programu za kusaidia kazi hii. Lakini kwanza tuelewe katalogi ni nini.

Katalogi si ghala la picha

Katika Lightroom Classic ya kampuni ya Adobe, katalogi haibebi picha zenyewe. Inabeba habari zake: faili iko wapi, ilipigwa lini, imepewa maneno gani ya kuitafutia. Ni kama daftari la washiriki. Jina limeandikwa daftarini, lakini mshiriki mwenyewe yuko nyumbani kwake. Kwa hiyo kuondoa picha katika katalogi ni kufuta jina tu. Kuifuta kwenye disiki ni kuondoa faili yenyewe. Programu inauliza unataka lipi kati ya hayo mawili, na inafaa kusoma swali kabla ya kubonyeza. Vilevile, akiba ya katalogi ambayo Lightroom inatengeneza haina picha ndani yake. Picha lazima zinakiliwe peke yake.

Programu-jalizi inafanya nini

Lightroom yenyewe ina kisanduku cha kuzuia marudio wakati wa kuingiza picha. Inalinganisha jina la faili, ukubwa wake, na tarehe na saa ya kupigwa. Hiyo ni kinga nzuri, lakini haisaidii kwa yale yaliyokwisha ingia. Ndiyo sababu watu wametengeneza programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya ile kubwa ili kuiongezea kazi. Mojawapo ni Teekesselchen, isiyolipiwa. Inalinganisha habari ambazo kamera iliandika ndani ya picha, inatia alama kwenye zile inazozishuku, na kuzikusanya mahali pamoja. Haifuti kitu. Uamuzi unabaki kwa mtu, na ndivyo inavyofaa.

Lightroom inalipiwa kila mwezi, na parokia nyingi haziwezi. Kwao tunapendekeza digiKam, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kifaa cha kutafuta marudio kimo ndani yake tayari. Nayo inatumia njia nyingine: inatazama sura ya picha, inaitengenezea alama kama ya kidole, kisha inatafuta zinazofanana kwa asilimia unayochagua. Kwa picha nyingi na mashine ya zamani, kazi ya kwanza inaweza kuchukua saa nyingi, basi chagua siku ambayo umeme upo.

Tatizo la WhatsApp

Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa kwetu. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp inapunguzwa ukubwa, inapoteza habari za kamera, na inapewa jina jipya lenye herufi WA. Programu inayosoma habari za kamera tu haitajua kwamba ni ile ile. Inayotazama sura itaitambua. Kati ya hizo mbili, tunza ile kubwa yenye tarehe yake. Lakini kama asili imepotea pamoja na simu, ile ndogo ya WhatsApp si marudio tena. Ndiyo pekee iliyobaki. Kuanzia leo, anayetuma picha kwa katibu aitume kama dokima. Hivyo inafika nzima.

Zinazofanana si lazima ziwe moja

Kwaya yenye sare moja, ikisimama mbele ya madhabahu ile ile Jumapili mbili, inaweza kudanganya mashine. Picha tano zilizopigwa mfululizo nazo zinafanana, lakini pengine katika moja tu macho ya bibi-arusi yako wazi. Kwa hiyo anza na asilimia ya juu sana, kisha ushuke polepole.

Utaratibu tunaoushauri ni huu:

1. Nakili picha zote kwenye disiki ya nje kabla ya kugusa chochote.
2. Fanya mwaka mmoja kwa mara moja, si hazina yote.
3. Watu wawili wakague pamoja, mmoja awe mzee anayezijua sura.
4. Usimwage pipa la taka la kompyuta kabla ya mwezi kupita.
5. Picha iliyobaki iandikiwe majina, mahali na tarehe.

Disiki ya nje isikae chumba kimoja na kompyuta. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa sababu: lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, na ikateketeza nyumba tena Mei 2021. Nakala moja ikae kwa parokia nyingine, mikononi mwa mtu mwaminifu, kwa kuwa ndani yake zimo sura za watoto na za waliokimbia vita.

Hatua ya tano ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mashine inaweza kusema picha mbili zinafanana. Haiwezi kusema ni nani aliyebatizwa siku ile. Katika Yoshua 4, Waisraeli walichukua mawe kumi na mawili kutoka Yordani, jiwe moja kwa kila kabila, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi waweze kujibu. Wazee wanaoweza kujibu kuhusu picha zetu bado wako kati yetu. Tukae nao mbele ya kompyuta mwaka huu, tuandike majina.

Bwana awabariki katika kazi hii.