Mbona Nyumba Zimekuwa Ghali Kisiwani Pemba?

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalosemwa mabarazani kila siku, nalo ni ughali wa nyumba. Mzee humwambia mjukuu wake: "Mimi nyumba yangu niliimaliza kabla ya mwezi kuandama, na wewe huu mwaka wa saba bado hujaezeka." Kijana naye hujibu kwamba wauza saruji wamekuwa wezi. Hatuwakatalii, kila mmoja asema alionalo. Lakini sababu yenyewe hawajaitaja, basi na tuitafute pamoja.

Kwanza tuitazame nyumba ya huyo mzee. Boriti alizikata katika mikoko ya pwani, fito akazipata mwituni, udongo akauchimba palepale uani, na makuti yakatoka katika minazi yake au ya jirani. Siku ya kukandika waliitwa ndugu na majirani, mwenye nyumba akawapikia, na jua lilipokuchwa kuta zimekwisha simama. Fedha alitoa kidogo tu, za misumari na za mlango. Kiwanja hakununua, aliomba kwa wazee wa kiambo, akaonyeshwa mahali. Wako wadhanio kwamba nyumba ile ilikuwa rahisi kwa kuwa watu wa zamani walikuwa wema kupita wa leo. Sisi hatuamini hivyo. Ilikuwa rahisi kwa sababu vitu vilikuwa karibu, na wavitakao walikuwa wachache.

Nao walikuwa wachache kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliwakuta Pemba watu 114,587. Hesabu ya mwaka 2012 iliwakuta 406,848, na ile ya mwaka 2022 iliwakuta 543,441. Wanafunzi, chukueni kalamu. Katika miaka 10 hiyo wameongezeka watu 136,593. Tukiwaweka sita sita katika nyumba, zatakiwa nyumba 22,765, yaani kila siku ya Mungu, Ijumaa na sikukuu zimo, nyumba sita na kitu ziwe zimekwisha ezekwa. Wala hatujahesabu zile kuukuu zilizoanguka kwa mvua za masika.

Hapa mwanafunzi hodari atatupinga, aseme kwamba wengi wa hao walioongezeka ni watoto wachanga, na mtoto hulala na mamaye. Amesema kweli. Haja ya nyumba haizaliwi siku azaliwapo mtoto. Huzaliwa siku atakapo kuoa, baada ya miaka 20 na zaidi. Lakini maana yake ni kwamba watakaotafuta viwanja miaka ijayo wamekwisha zaliwa, na leo wako darasani mbele yetu. Tungaliweza kuwahesabu kwa majina.

Watu wameongezeka, ardhi je? Kisiwa chetu ni maili za mraba 380 hivi, na haziongezeki. Wenyeji mwajua tena kwamba nchi hii ni ya vilima na mabonde. Bonde lataka kulimwa mpunga, na kilima kina mikarafuu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilifanywa kuwa ya umma, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu za kulima. Mtu hana ardhi yenyewe, ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo mara nyingi mtu akisema, "Nauza kiwanja," auzacho kwa jina ni minazi miwili na mkarafuu mmoja uliokauka, na bei yake hushangaza, kwa maana mnunuzi hanunui nazi.

Wala si kila kiwanja ni sawa na kingine. Mwaka 2010 umeme ulifika Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hapo kila mtu akatamani kukaa karibu na nguzo za umeme, na karibu na njia kuu, na shule, na hospitali. Tuseme kwa mfano kwamba watu kumi wataka kujenga kando ya njia ya Chake Chake, na viwanja vilivyopo ni sita. Wanne lazima wakose. Ni nani atakayekosa? Si mvivu, wala si mwovu. Ni yule mwenye fedha chache kuliko wenziwe. Bei hupanda hata wanne hao waondoke wenyewe, kisha husimama. Ndiyo kazi ya bei, nayo haina huruma. Maili tatu ndani ya mashamba kiwanja chaweza kupatikana kwa bei nafuu, lakini huko mgonjwa huchukuliwa kwa machela mpaka njiani.

Sasa vitu vya kujengea. Saruji na bati hutoka ng'ambo ya bahari. Mfuko wa saruji hupakiwa katika gari, ukapakiwa chomboni, ukateremshwa bandarini, ukapakiwa tena garini hata kufika Konde au Kengeja, na kila mkono uliougusa hutaka ujira. Muuzaji wa mwisho ndiye atukanwaye, naye pengine faida yake ni ndogo kuliko ya wote waliotangulia. Wengine hushauri turudie boriti na makuti. Shauri hilo lilifaa kwa watu 114,000. Mikoko ikikatwa na watu 543,000 haitabaki, na samaki na kaa waliao humo watakwenda zao; ndiyo maana sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilikataza kukata bila ruhusa.

Lakini liko jambo moja la hapa kwetu, ambalo twaona halisemwi vya kutosha. Fedha ya Pemba haiji kidogo kidogo, huja na karafuu. Msimu ukiwa mwema, waashi wenyewe huacha mwiko wakaenda kuchuma, na kazi za ujenzi husimama. Karafuu zikiisha kuuzwa, kijiji kizima chataka matofali na mwashi katika mwezi mmoja. Waashi ni walewale, mchanga ni uleule. Basi ujira hupanda. Mwaka wa pili mikarafuu haizai, kuta zikabaki bila paa, na mpapai ukaota chumbani. Mgeni apitaye hudhani nyumba hizo zimetupwa. La, hiyo ndiyo benki ya mwenyewe. Mikopo ya nyumba ina riba, na watu wa Pemba walio wengi, kwa dini yao, riba hawaitaki. Kwa hiyo mtu huweka akiba yake ukutani, safu moja kila mwaka wa neema.

Tena wako ndugu zetu walio Unguja, Dar es Salaam, Maskati na London. Hawa hawangoji msimu. Huleta fedha, hununua kiwanja kizuri, hujenga nyumba ya vyumba vitano, hufunga kufuli, hurudi walikotoka. Hatuwalaumu, nani asiyetaka kuzikwa kwao? Hata hivyo binamu yake aliyebaki kijijini sasa ashindana naye kwa bei ya kiwanja kilekile, huku akilala na watoto wanne chumba kimoja, nyuma ya nyumba yenye vyumba vitano visivyolalwa na mtu.

Mambo haya si mapya. Mjini Unguja watu wa Ng'ambo walijijengea vibanda vyao juu ya ardhi ya watu wengine. Mji ulipokua, wenye ardhi wakapandisha kodi ya viwanja, na mwaka 1928 wapangaji wakakataa kuilipa, hata kukawa na ghasia kubwa. Baada ya mwaka 1964 serikali ilijaribu njia nyingine, ya kujenga kwenda juu: yakajengwa majumba ya ghorofa Michenzani, na kwetu Pemba pia, katika Wete, Chake Chake na Mkoani. Ghorofa huokoa ardhi, na kwa kisiwa kama hiki twaona ni jambo la akili. Ila Michenzani, ili kupata nafasi, nyumba nyingi za zamani zilivunjwa kwanza. Na nyumba mpya hazihesabiwi mpaka umetoa zilizovunjwa.

Tumeulizwa: mwenye fedha kidogo leo afanye nini? Akiwa na kijana wa miaka 15, na atafute kiwanja sasa, kabla nguzo za umeme hazijafika huko, na mauzo yaandikwe mbele ya sheha, kwa maana ndugu wengi wamegombana baada ya mzee kufa. Saruji asiiweke. Unyevu wa masika huigandisha mfukoni, ikawa jiwe lisilo na kazi. Aifyatulie matofali juma hilohilo, ayamwagie maji siku saba, ayapange kivulini chini ya mwembe. Kisha angoje karafuu.