Magari ya Safari ya miaka ya 1970 yapanda bei ng'ambo, gereji za Nairobi zaambulia makombo

Zamani mwenye Datsun 240Z iliyoozea nyuma ya nyumba aliiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi madalali humfuata hadi mlangoni, simu mkononi, wakiulizia nambari ya chasisi kabla hata ya kukaribishwa chai. Magari yaliyojizolea jina katika Safari Rally ya miaka ya 1970 yamekuwa bidhaa ya kusakwa, na kazi ya kuyanunua, kuyakarabati na kuyaandaa kwa mashindano inawapa riziki mafundi, wauza spea na mawakala wa forodha wa Nairobi na Mombasa. Kinachobishaniwa ni nani hasa anayeshiba.

Bei zenyewe zinawekwa mbali na hapa. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa kwa dola 310,000 katika mnada wa mtandaoni Marekani. Halikuwa gari la mashindano. Lilikuwa la kawaida tu, ila lilitunzwa vizuri na lilikuwa limetembea kidogo. Madalali wa Nairobi hupenda kuitaja bei hiyo. Wasichokitaja ni kwamba gari lililokatwa paa, likawekwa injini ya pikapu na kupotelewa na kadi haliwezi kuuzwa hata kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Thamani ya magari haya ilijengwa kwenye barabara zetu. Safari, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa mbio za maelfu ya kilomita wakati wa Pasaka, usiku na mchana, katika barabara ambazo hazikufungwa: dereva alipishana na mabasi, ng'ombe na matope ya masika. Kuanzia mwaka 1973 ikahesabiwa katika ubingwa wa dunia. Datsun ilishinda mwaka 1970, 1971, 1973 na 1979. Escort mwaka 1972 na 1977. Lancer mwaka 1974 na 1976. Peugeot 504 mwaka 1975 na 1978. Mengi kati ya hayo yalikuwa ndugu wa magari ambayo mwalimu au mwenye duka angeweza kuyanunua, na viwanda vilijua hivyo. Kushinda Safari kulikuwa tangazo lisilohitaji maelezo, na Japani walifikia hatua ya kutengeneza filamu kuhusu mashindano hayo mwaka 1969.

Soko la leo, hata hivyo, halilipi ushindi. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari katika muongo huo, ingawa ilishika nafasi ya pili zaidi ya mara moja. Ndiyo hiyo hiyo inayotawala orodha ya washiriki katika mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili na mara kadhaa yamevuka hadi Tanzania. Peugeot 504, iliyoshinda mara mbili, bado haivutii matajiri kwa kiasi hicho. Wengi hapa wanaikumbuka kama gari la abiria la masafa marefu, na ndivyo ilivyotumika mpaka ikaisha.

Mwenye gereji mmoja wa Industrial Area, ambaye hakutaka atajwe kwa kuhofia kupoteza wateja, ana malalamiko ambayo wenzake wengi wanayarudia kwa maneno yao. Anasema wageni wanaokuja kushindana huingiza magari yao kupitia bandari ya Mombasa kwa hati za muda za forodha, pamoja na makontena ya spea, vyombo na mafundi wao. Mashindano yakiisha, kila kitu hurudi melini. Yeye akiagiza kabureta mbili kwa ajili ya 240Z ya mteja wa hapa, kifaa ambacho hakuna anayekitengeneza nchini, analipa ushuru wa forodha, ada za uagizaji na VAT ya asilimia 16 juu yake. Kwa hesabu yake, mgeni anashindana katika barabara za Kenya kwa gharama nafuu kuliko Mkenya.

Lake la pili ni kuhusu kazi. Anadai kwamba fundi wa Nairobi huitwa pale tu gari linapovunjika katikati ya pori: kuchomelea mkono wa shokabu usiku, kunyoosha bampa, kutafuta springi za kubahatisha. Kazi kubwa yenye malipo makubwa, yaani kulijenga gari upya kuanzia bodi tupu, hufanyika Ulaya. Ukimuuliza kama mafundi wa hapa wanaiweza, anakuonyesha badala ya kujibu. Anapitisha sumaku ndogo ubavuni mwa 240Z nyekundu; inashika kwenye mlango, inashika kwenye bawa, kisha chini ya mlango inadondoka. Hapo hakuna bati, ni pati tupu iliyopakwa rangi. Anagonga kwa mpini wa spana, pati inamomonyoka na kutu inaonekana. Fundi wake atakata sehemu hiyo yote, akunje bati jipya kwa mkono kwa kufuata umbo la upande wa pili, kisha achomelee kidogo kidogo ili lisipinde kwa joto.

Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Mteja wa ng'ambo angeilipia vizuri, lakini, kwa madai ya mwenye gereji, mteja huyo hamwamini fundi asiye na karatasi. Mashindano ya magari ya kihistoria hudai vyeti vya kuthibitisha kwamba gari lina vipuri vya zama zake, na kuvipata kunataka fedha na mawasiliano ambayo gereji ndogo hazina. Malalamiko haya si ya haki yote. Baadhi ya gereji za Nairobi zimejenga magari yaliyomaliza mashindano hayo vizuri, na wapo madereva wa hapa walioyategemea. Wateja nao wana visa vyao vya kuachiwa gari likiwa vipande vipande kwa miaka miwili huku fundi akiomba fedha za kuongezea.

Upande wa serikali, picha ni ya neema. Ofisa mmoja mwenye kuhusika na michezo na utalii anasema mbio za magari huingizia nchi mabilioni ya shilingi kila mwaka, kauli inayorudiwa tangu Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kutoweka tangu 2002. Hakuna anayebisha kwamba hoteli za Naivasha hujaa wiki ya mashindano na bei za vyumba hupaa. Ila ofisa huyo hakuwa na mchanganuo: ni kiasi gani kilitumiwa na wageni, ni kiasi gani ni fedha za umma zilizotumika kuandaa mashindano yenyewe, na ni kiasi gani kilifika kwa muuza spea wa Kirinyaga Road au fundi wa Grogan. Mpaka mchanganuo huo utolewe, neno mabilioni litabaki la jukwaani.

Kuna pia suala la magari yanayoondoka. Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingizwa kwa gari la zaidi ya miaka minane, kanuni iliyowekwa kuzuia mikweche. Kwa hiyo 240Z iliyosajiliwa Nairobi mwaka 1973 ikiuzwa Ulaya, kuirudisha kama mali ya kudumu ni kibarua kigumu. Tanzania haijafunga mlango kwa namna hiyo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Hata gari lenyewe lililoshinda mwaka 1971 liko Japani, ambako watengenezaji wake walilifufua mwaka 2013. Hapa nyumbani, mengi ya zama zake yaliishia kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Mbele kuna nini? Wanaouza wanasema mahitaji hayatapungua kwa kuwa magari halisi hayaongezeki. Wapo wenye shaka. Wanunuzi wengi ni watu waliokuwa vijana Safari ilipokuwa katika kilele chake, na haijulikani kama watoto wao watarithi hamu hiyo pamoja na magari. Uingereza tayari kuna warsha zinazounda bodi mpya kabisa za Escort, jambo linalompa mshindani sababu chache za kusaka bodi kuukuu Nakuru au Eldoret. Kushuka kwa thamani ya shilingi hupandisha bei ya spea, na hilo huwaumiza kwanza walio chini.

Kwa ushahidi uliopo, biashara hii itaendelea kuwepo, lakini si mgodi wa dhahabu kama inavyosimuliwa, na faida yake kubwa itaendelea kwenda kwa mwenye mtaji na karatasi. Kwa msomaji mwenye gari la aina hiyo uani, ushauri wa mafundi wanaoaminika ni mmoja: kabla ya kumwitikia dalali, linganisha nambari ya chasisi na iliyo kwenye kadi, hifadhi picha na risiti zote za zamani, na usikubali injini ya asili ing'olewe kuuzwa peke yake. Gari lenye historia inayothibitika lina bei yake. Lisilo nayo, mnunuzi wa vyuma chakavu bado anapita.