Chakula cha kwanza cha kushika: sufuria ya nyumbani yatosha hata ughaibuni

Mama aliyejifungulia London au Leicester, mtoto akikaribia miezi 6, hukuta supamaketi rafu nzima ya pakiti: vijiti vya mahindi vinavyoyeyuka mdomoni, biskuti za mchele, matunda yaliyosagwa ya kufyonza. Bibi yuko mbali, shangazi yuko mbali, na pakiti inaonekana kuwa ndiyo salama. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyochunguza vyakula vya watoto katika miji minne, ukiwemo Vienna, ilionyesha kwamba katika mitatu kati yake, nusu au zaidi ya bidhaa zilitoa zaidi ya 30% ya nishati yake kutokana na sukari.

Tena vijiti vingi vya aina hiyo vina madini ya chuma kidogo mno. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma, na kufikia miezi 6 akiba hiyo inakuwa imepungua kiasi ambacho maziwa ya mama peke yake hayawezi kuifidia. Chuma kimo kwenye nyama laini, maharage na maini, ingawa maini yasizidi mara moja kwa wiki kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Kwa hiyo anza na sufuria yako. Katika miezi 6 mtoto hushika kwa kiganja kizima, hivyo kipande kinapaswa kuchomoza nje ya ngumi yake: kiazi kitamu au boga lililochemshwa, parachichi, ndizi mbivu, kila kimoja urefu wa kidole cha mtu mzima. Kibonyeze kati ya vidole viwili. Kisipopondeka, kirudishe jikoni. Karibu na miezi 9 kidole gumba na cha shahada huanza kukutana, naye ataokota harage lililobonyezwa. Samaki mpe, ila chambua miiba kwa vidole vyako mwenyewe. Fungu lake litoe kabla ya chumvi na kidonge cha mchuzi: chini ya mwaka mmoja chumvi isifike gramu 1 kwa siku. Asali isubiri atimize mwaka, maana yaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu.

Hofu kubwa ni kupaliwa, na ni hofu ya haki. Mtoto anayekohoa kwa sauti na kutema bado anajitetea mwenyewe. Wa kumkimbilia ni yule aliyenyamaza ghafla, hawezi kulia wala kuvuta pumzi. Zabibu zikate kwa urefu vipande vinne, tufaha bichi na karoti mbichi ziache, na usimwache peke yake anapokula.

Karanga ndizo zinazoogopwa kupita kiasi. Watafiti wa London waligundua kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi kuliko wa Israeli, ambako watoto wachanga hula vijiti vya karanga viitwavyo Bamba. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2015 lilithibitisha kuwa kuwaanzishia karanga mapema watoto walio hatarini hupunguza mzio huo kwa zaidi ya 80%. Uji wa lishe wenye karanga zilizosagwa, basi, usiuache. Mwenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza. Wengine waanze kwa kijiko kidogo, asubuhi, ili upate muda wa kumwangalia. Karanga nzima zingoje hadi miaka 5.